Malkia Wote wa Kale Walikuwa na Pua ya Agata

Pua ya Agata Haug iliingia kanisani kabla yake. Hivyo ndivyo walivyosema wanawake wa Ulm, na kwa kuwa wanawake wa Ulm hutia chumvi kidogo hata kwenye uji usiohitaji, tuseme iliingia pamoja naye, ila ikapata nafasi ya mbele. Ilikuwa pua ndefu, iliyonyooka vizuri mpaka katikati, halafu ikabadili nia na kuinama kushoto, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mwenyewe hakuionea haya. Baba yake mfumaji alikuwa nayo, bibi yake alikuwa nayo, na wote wawili walipata wenzi bila kutangaza.

Tangu umri wa miaka kumi na miwili Agata alikuwa mpaka rangi. Alijifunza kwa shangazi yake, aliyepaka karata za kuchezea. Karata za Ulm siku hizo ziliuzwa kwa mapipa, zikateremka Mto Danube kwenda kwa watu ambao Agata hakujua hata wanaomba kwa lugha gani, na kila siku yeye alitia wekundu kwenye mioyo, unjano kwenye kengele, ambazo karata za huko huwa nazo, na mashavu kwa wafalme wanne. Meza ile ile, brashi ile ile, alipaka na picha za watakatifu. Padri alipokuja kulalamika kwamba Mtakatifu Katarina ana mashavu ya mfalme wa kengele, Agata alimjibu kwamba wekundu ni mmoja, Mungu hakuumba wa kanisani na wa kilabuni.

Alipofika miaka ishirini na miwili aliposwa na Endris Haug, mchonga vibao vya picha. Endris alimposa kwa maneno matano: "Nina kisu, nina chumba. Utakuja?" Agata alisubiri kidogo aone kama kuna mengine yanakuja nyuma. Hayakuja. Akaenda hivyo hivyo, na kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kusikia kutoka kwa mume wake neno lolote kuhusu uso wake, baya wala jema. Mara kwa mara alijiuliza kama aliwahi kuutazama.

Waliishi ghorofani, pembeni ya kijito cha Blau, katika nyumba ya Bwana Lienhart Zoller, mpiga chapa. Nyumba ilikuwa na dirisha kubwa linaloelekea kusini, ambalo ni mali kubwa kwa mchonga vibao kuliko shamba. Lakini ilikuwa na sharti lake, lililowekwa na baba yake Bwana Lienhart: nyumba ni ya mwenye kisu. Siku ya Mtakatifu Georgi, kila mwezi wa Aprili, anayechonga anahuishiwa mkataba. Asiyeweza tena kuchonga anafunga mizigo, na mwingine anapanda ngazi. Agata alikuwa amewaona wawili wakishuka ngazi hizo na magodoro yao, na mmoja wao alifia zizini kwa mpwa wake.

Mwaka huo, baada ya mavuno, Bwana Lienhart aliamua kuchapa kitabu cha wanawake wa kale. Vitabu vya kupigwa chapa vilikuwa bado kitu kipya, na wenye nacho walivinunua ili wageni wavione. Kitabu hiki kingekuwa na malkia, wapiganaji, wajane, wauaji na wanawali, kila mmoja na picha yake. Picha themanini, zote ziwe tayari kabla ya Mtakatifu Georgi. Mchoraji wa Bwana Lienhart alichora kwa wino juu ya vibao vya mti wa mpea, na Endris akakata mbao pembeni ya mistari ili mistari ibaki imesimama. Mchoraji hakuwahi kufika Babeli. Kwa hiyo Semiramisi, malkia wa Babeli, alivalishwa ushungi wa Kungund, mke wa mwokaji mikate, ambaye alikuwa jirani.

Kungund mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alikuja asubuhi moja na mkate, akakuta karatasi za majaribio zimetundikwa kwenye kamba zikisubiri rangi.

"Shoga, huyu nani?"

"Semiramisi. Alikuwa anasukwa nywele, akaletewa habari kwamba mji umeasi. Akaenda vitani na nywele zimesukwa upande mmoja."

"Ushungi ni wangu."

"Nimeuona."

"Na pua ni yako."

Agata alicheka. Kungund hakucheka. Alitembea na kamba yote taratibu, mkate kwapani, kama anayekagua nguo za jirani. "Huyu?"

"Kleopatra, na nyoka wake."

"Pua yako. Huyu mwenye upanga?"

"Tomirisi. Alimkata kichwa mfalme Koreshi wa Uajemi akakitia kwenye kiriba cha damu."

"Pua yako, imeinama na kushoto. Na hicho kichwa ni cha Koreshi?"

"Ndiyo."

"Haya. Mimi nilidhani cha Endris."

Kufikia Jumamosi habari ilikuwa imefika kwenye nyumba ya kuogea, na mahali pale neno halivai nguo. "Malkia wa Babeli, tupishe tuchote maji." "Kleopatra, sugua mgongo, nyoka hatakusugulia." Agata alirudisha alichoweza. Alimwambia Kungund kwamba nyani haoni kundule, na kwamba bora pua iliyofika Babeli kuliko ushungi uliofika na kichwa kitupu. Alijitetea vizuri, wote walikiri.

Tusimfiche, alikuwa amekasirika, na alikuwa amefurahi. Hasira ilikuwa ya Tomirisi, maana hakuona kwa nini atembee mjini na kichwa cha mtu kwenye kiriba. Furaha ilikuwa ya Kleopatra. Aliichukua karatasi ile mara mbili mpaka dirishani mchana mmoja, akaitazama. Pua ni yake, hakuna ubishi. Lakini mashavu hayakuwa yamelegea, na mdomo uliokuwa wazi kidogo kwa ajili ya nyoka ulikuwa na meno yote, hata yale mawili aliyoyazika wakati wa mimba ya mwisho. Kleopatra alikuwa na miaka ishirini na miwili. Agata alimpaka wekundu ule wa ghali, akajisemea kwamba rangi ya bei ndogo imekwisha, na haikuwa imekwisha.

Mezani, juu ya supu ya dengu, alimwuliza mwenye kosa.

"Endris."

"Mm."

"Kwa nini malkia wote wana pua yangu?"

"Malkia wana pua."

"Wana yangu."

Endris alikula vijiko vitatu. "Wanawake wanafanana."

"Kungund ana pua kama kifungo cha koti. Tumefanana wapi?"

"Kifungo hakichongeki," alisema Endris, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Agata alilala akiwa amenuna na kutabasamu kwa pamoja, jambo linalochosha mashavu.

Baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, ndipo alipokuja Artemisia. Huyu alikuwa mjane aliyempenda mumewe hata akachanganya majivu yake na kinywaji akayanywa. Agata alikiona kibao chake kabla hakijachongwa, alipokuwa anafuta vumbi dirishani. Mchoraji alikuwa amemchora ameketi, kikombe mkononi, na uso wote umefunikwa kwa kitambaa cha msiba. Kitambaa kilikuwa na mikunjo mizuri, myembamba kama unywele, na hapakuonekana jicho wala mdomo. Agata alifikiri, basi, huyu angalau atanusurika na pua yangu.

Siku ya nne karatasi ya majaribio ilitundikwa. Kitambaa hakikuwepo. Palikuwa na uso, na katikati ya uso palikuwa na pua yake, imeinama kushoto.

Hakupiga kelele. Alisimama na brashi mkononi mpaka rangi ikadondokea kiatuni. Kuchonga uso usio sawa ni kosa la mkono, na Endris alikuwa na miaka hamsini na mitano, mkono unaweza kukosea. Kuchonga uso ambao haukuchorwa ni jambo jingine. Akaweka brashi chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, mchana kweupe, mwanga wote wa kusini ukimpiga usoni. Akavua ushungi. Endris aliendelea kuchonga kikunjo cha gauni. Agata akamkazia macho, akakunja pua ile ya kifalme, akatoa ulimi wote nje.

Endris aliinua uso na kumwelekea. "Kuna baridi leo," alisema.

Ulimi ulibaki nje.

"Mbona umenyamaza, mke wangu? Kuna nini?"

Agata aliurudisha ulimi mahali pake, na machozi yakamtoka kabla hajajua anasema nini. "Tangu lini?"

Endris aliweka kisu mezani, kwa uangalifu, akikipapasa mpini. "Tangu mavuno. La kulia lilitangulia. La kushoto likalifuata. Yamezoea kwenda pamoja."

Sasa aliona mwenyewe, kwa kuwa alijua pa kutazama: ukungu mweupe kwenye mboni zote mbili. Mtoto wa jicho. Kulikuwa na mganga aliyepita sokoni na sindano kutibu watu wa aina hiyo, lakini mjomba wa Endris alitibiwa naye, na tangu siku ile hakutofautisha mchana na shimo. Agata alikuwa amempaka rangi Mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho, mara elfu kama si zaidi, amebeba macho yake kwenye sahani. Alimwona mkosefu wa shukrani kwa kutomdokeza.

"Na unachongaje?"

"Nguo naziona nikiegemea dirishani. Mistari minene. Kuta naziona, meli naziona. Nyuso hapana, mistari yake ni unywele."

"Na nyuso unafanyaje?"

"Mkono unajiendea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia kwenye rangi," alisema Endris. "Halafu nani angezinunua."

Vibao hamsini na viwili vilikuwa tayari. Vilibaki ishirini na vinane, na Mtakatifu Georgi alikuwa miezi mitatu mbele. Walikubaliana wasimwambie mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata lingenyamaza.

Kata lilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, Ijumaa, Bwana Lienhart alipanda ngazi, na walimsikia akihema tangu ngazi ya nne. Alikuwa mtu mnene, mwenye roho nzuri na subira fupi. Alitua karatasi mezani.

"Fundi Endris, nimemwonyesha daktari wa mji kurasa hizi. Amecheka mpaka amenitia wasiwasi. Ameniuliza kama Adamu alikuwa na binti mmoja tu."

Akazitandaza zile karatasi moja moja.

"Hawa hamsini na wawili ni mtu mmoja. Na mtu mwenyewe ndiye huyu hapa ananitazama. Shikamoo ya Babeli, Bi Agata. Na huyu mjane, mchoraji wangu alimfunika. Nani kamfunua?"

Endris alifungua mdomo. Agata aliutazama ule mdomo na kujua nini kinatoka. Uongo unataka maneno mengi, na mumewe hakuwa nayo. Angesema kweli kwa sababu ni fupi. Na kweli hiyo ingewashusha ngazi na godoro lao.

"Ni mimi, Bwana Lienhart," alisema Agata.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwambia anitie. Alikataa. Nikamnyima amani usiku na mchana mpaka akakubali."

Bwana Lienhart alimtazama, akaitazama pua, akazitazama karatasi. "Wote hamsini na wawili?"

"Nilianza na mmoja. Utamu ukanizidi."

"Na mjane?"

"Kitabu kinakwenda mpaka Nürnberg, Bwana. Mimi nifike Nürnberg nimejifunika uso? Watu wa Nürnberg wamenikosea nini?"

Bwana Lienhart alianza kucheka polepole, kama mtambo unaopakwa mafuta, halafu akashindwa kujizuia. Alikaa kwenye kigoda cha rangi bila kuangalia, akainuka na duara la kijani kwenye suruali, akaendelea kucheka. Alipomaliza alijifuta macho na kusema kwa upole, "Mama, nimekusikia. Lakini ishirini na wanane waliobaki wawe na nyuso zao. Nikiiona pua hii tena namwita mchongaji kutoka Augsburg, na nyumba unajua ni ya nani."

"Ya mwenye kisu," alisema Agata.

Bwana Lienhart alijua kutunza herufi zake za risasi, wino na karatasi. Hadithi hakujua kuitunza. Jumapili ile padri alihubiri juu ya wanawake wanaojipenda, akitazama juu ya vichwa vya watu wote akatua kwenye mmoja. Siku zile za vinyago, kabla ya Kwaresima, vijana wa wafumaji walivuta mkokoteni uliobeba pua ya majani makavu yenye taji, nao mkokoteni ulipita chini ya dirisha la kusini mara tatu. Mume wa Kungund alioka mikate ya umbo la pua, imeinama kushoto. Iliisha kabla ya saa sita.

Iliuma. Miaka yote Agata alichekwa kwa pua, na pua ilikuwa yake, ilikuwa kweli, aliweza kucheka nao. Hiki kingine hakikuwa chake. Alikuwa mwanamke anayevaa kiatu kimoja mpaka kidole kitoke, na sasa watoto walimwita Malkia Kioo, na yeye hakuwa hata na kioo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hili alijichagulia mwenyewe, na hakuwa na wa kumlalamikia. Kungund alimletea mmoja wa ile mikate, wa jana, kwa bei ya bure.

"Usikasirike, shoga. Kila mtu ana lake. Mimi najipenda mguu."

"Sijakasirika," alisema Agata. Aliutumbukiza ule mkate kwenye supu, pua chini, wakaula na mumewe.

"Nitakwenda nimwambie Bwana Lienhart," alisema Endris.

"Utaanguka kwenye ngazi. Kaa. Nipe kisu."

Alianza na figili nyeupe, zile kubwa za stoo. Endris alikaa nyuma yake, mkono wake juu ya mkono wa mkewe, akimwonyesha jinsi kisu kinavyoegemea, kinavyovutwa, kinavyoacha mstari bila kuuliza maswali. Hakuhitaji macho kwa hilo. Alihitaji maneno kidogo, na alishangaa kwamba anayo. "Usikilazimishe. Kivute kama unamtoa mtoto mwiba." Wiki mbili walikula supu ya nyuso. Kisha wakahamia kwenye mti wa mpea, na Agata akaharibu vibao viwili vya bure, kisha kimoja cha kweli ambacho walikichoma na kumwambia mchoraji kilipasuka. Kisha akaanza kuelewa. Mkono wake ulikuwa umebeba brashi ya nywele tatu miaka thelathini na saba, na hakuwa mgeni wa mistari midogo.

Wakagawana. Endris aliegemea dirishani akakata magauni, ngome, milima na meli. Agata akakata nyuso. Mchoraji alikuwa mvivu wa nyuso, kama wachoraji wengi wanaojua kuna mtu mwingine nyuma yao. Aliweka nukta mbili na kistari, akaacha mengine kwa kisu. Kwa hiyo mengine Agata aliyatoa kichwani. Alihakikisha jambo moja tu: pua. Zenobia, malkia wa Palmira, alimpa pua ndogo nadhifu kama ya sungura, na alijivunia sana.

Katikati ya Kwaresima, Ulm nzima ikila konokono badala ya nyama, Bwana Lienhart alipanda ngazi kuchukua vibao vitano vya kwanza. Agata alivipanga mezani vimepakwa wino ili uso uonekane.

"Pua nzuri," alisema Bwana Lienhart. "Pua nzuri. Pua nzuri sana." Kisha akaacha kuhesabu pua. Alimchukua Zenobia akamsogeza kwenye mwanga.

Zenobia alikuwa na kidevu kizito, chenye mfuo katikati. Nyusi zake zilikutana juu ya pua ya sungura. Masikio yalisimama wima chini ya taji. Bwana Lienhart alichukua kibao cha pili, binti wa Kirumi aliyemnyonyesha mama yake gerezani, na binti alikuwa na kidevu kile kile, na mama yake pia. Wote watano walikuwa nacho. Akainua macho kutoka kwenye vibao mpaka kwa Endris, aliyekaa dirishani na kidevu chake, uso ameuelekeza mahali ambapo Bwana Lienhart alikuwa amesimama dakika mbili kabla.

Ndipo Agata naye alipoona. Hakuwa amemkusudia. Alikuwa amekwepa pua yake kwa bidii yote, na alipokuwa anaikwepa, mkono ulikwenda kwenye uso mwingine pekee alioujua. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho wake juu ya meza.

"Fundi Endris," alisema Bwana Lienhart. "Uso huu wa Zenobia umeuchonga wewe?"

"Bwana Lienhart, mimi ndiye..." alianza Agata.

"Nimemuuliza fundi."

Endris alisimama. Aligusa ukingo wa dirisha, akagusa meza. "Gauni langu," alisema. "Uso wake." Akavuta pumzi. Agata alidhani amemaliza, maana kwa kawaida angekuwa amemaliza. "Na zile pua, Bwana Lienhart, hakuniomba. Mke wangu hajawahi kuomba kitu kama kile. Alisema vile ili tusishushwe, na mji mzima umemcheka, na mimi nimekaa hapa nasikiliza. Sioni tangu mavuno. Nyuso za mchoraji wako sikuziona hata moja. Nilichonga uso ninaouona, na ninauona huo tu."

Agata alijua kwamba anatakiwa kuogopa. Nyumba ilikuwa imekwenda, dirisha limekwenda, na zizi la mtu fulani lilikuwa linawangoja mahali. Na aliogopa kweli. Lakini kabla ya kuogopa alifurahi, furaha kubwa ya kijinga, na ilibidi ashike meza.

Bwana Lienhart alikaa kwenye kigoda, safari hii akikiangalia kwanza. Alipitisha kidole gumba juu ya nywele za Zenobia, unywele mmoja mmoja, zote safi. 

"Vimekatwa vizuri," alisema mwishowe. "Aliyevikata ana kisu. Baba yangu alisema nyumba ni ya mwenye kisu, na mimi siwezi kumfufua nimuulize zaidi." Akamweka Zenobia pembeni. "Huyu hawezi kuwa Zenobia. Lakini ninao ukurasa wa wale waume waliotoroka gerezani kwa kuvaa nguo za wake zao. Huyu na hao wengine, isipokuwa huyo anayenyonyesha, watafaa hapo, sijaona waliofaa zaidi. Waliobaki, mama, punguza kidevu. Tembea sokoni, watazame watu."

"Nitawatazama," alisema Agata.

"Jambo moja lingine." Alikuwa ameshafika mlangoni, na hakugeuka vizuri. "Nikisema mjini kwamba Endris haoni na mkewe ndiye anachonga, wanunuzi watarudisha vitabu, na kila mzee niliyemshusha ngazi hizi atataka kujua kwa nini ninyi mmebaki. Kwa hiyo lile jingine libaki lilivyo. Wewe ndiye uliyeomba zile pua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wasahau."

Watu wa Ulm hawakusahau. Kitabu kilimalizika siku tisa kabla ya Mtakatifu Georgi, mkataba ukahuishwa, na ukahuishwa tena kila mwaka kwa miaka kumi na mmoja. Agata alichonga nyuso za manabii, za mashetani, za wafalme wa Troya na za wauza samaki, na wote aliwaiba sokoni; Kungund alitokea mara nne bila kujitambua, mara moja akiwa punda. Endris alichonga magauni mpaka hata mistari minene ikapotea, kisha akawa anamnolea mkewe visu. Alipopata maneno alimpa.

Jumapili walikwenda kanisani pamoja. Agata alimshika mumewe mkono kwa nguvu, ubavu kwa ubavu, akitembea nusu hatua mbele yake, mdomo karibu na sikio lake, hakuacha kusema. Wanawake waliosimama mlangoni waliwapisha.

"Mwone Malkia Kioo anavyomburuta mtu wa watu," alisema Kungund, wala hakupunguza sauti.

"Hata kanisani hamwachi akapumua."

"Maskini Endris. Ametiwa mfukoni kabisa."

Agata alisikia yote. "Ngazi tatu," alimwambia mumewe sikioni, na Endris akainua mguu.